Neno moja la Kisanskriti: Delhi ni elimu, Pune ni adhabu

1. Msafiri wa Deccan (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Naomba nafasi ya kuzungumzia neno moja tu, ambalo limenishughulisha tangu wiki yangu ya kwanza katika mji wa Pune, jimbo la Maharashtra, nilikokwenda kusoma.

Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa nimejifunza Kihindi kidogo, na miongoni mwa maneno niliyoyashika mapema ni *shiksha*, yaani elimu. Jioni moja mama mwenye nyumba alinikaribisha chai sebuleni kwake akaniuliza kilichonileta India. Nikamjibu kwa Kihindi changu kwamba nimekuja kwa ajili ya shiksha. Yeye alinielewa bila taabu, kwa sababu watu wengi wa Pune wanakijua Kihindi. Lakini mjukuu wake, mtoto wa miaka saba hivi aliyekuwa amelala kifudifudi sakafuni akiandika kwenye daftari lake la shule, aliacha penseli, akainua kichwa, akanitazama kwa huruma kabisa, kisha akamnong'oneza bibi yake. Bibi akanifasiria: "Anauliza umefanya kosa gani."

Mtoto yule anasoma shule inayofundisha kwa Kimarathi, na katika Kimarathi shiksha ni adhabu. Ndilo neno analolisikia mwenzake anaposimamishwa nje ya mlango wa darasa au anapoambiwa ayashike masikio yake mwenyewe kwa sababu hakumaliza kazi ya nyumbani. Elimu niliyoifuata mimi, bibi alinieleza, wao huiita *shikshan*. Mwalimu ni *shikshak*. Kujifunza ni *shikne*. Maneno yote manne yana mzizi mmoja, na Mmarathi anaweza kuyaweka mawili katika sentensi fupi bila kuona ajabu yoyote: *shikshakanni shiksha keli*, mwalimu alitoa adhabu.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hili kila ninapopata mtu wa jimbo jingine. Jijini Delhi, wizara ya elimu ya serikali kuu inaitwa Shiksha Mantralaya, jina ililorudishiwa mwaka 2020. Ukishuka Maharashtra, taasisi kongwe ya shule iliyoanzishwa na Bhaurao Patil mwaka 1919 inaitwa Rayat Shikshan Sanstha (rayat ni wakulima), na hakuna Mmarathi ambaye angeiita Rayat Shiksha Sanstha, maana ingesikika kama chama cha kuwaadhibu wakulima. Mwaka 2001 serikali kuu ilipozindua mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote, iliupa jina la Kihindi, Sarva Shiksha Abhiyan, yaani Kampeni ya Shiksha kwa Wote. Hebu lisomeni jina hilo kwa sikio la mtoto yule wa sakafuni. Jimbo la Karnataka, kwao Kikannada, walilibadili kuwa Sarva Shikshana Abhiyana. Jimbo la Tamil Nadu, kwao Kitamil, waliliacha kabisa neno la Kisanskriti wakatumia *kalvi*, neno lao wenyewe la elimu.

Kwa muhtasari wa ramani tu: Kihindi, Kibengali na Kiodia husema shiksha kwa maana ya elimu (Wabengali hutamka *shikkha*). Kimarathi, Kikannada, Kitelugu na Kimalayalam husema shiksha, au kwa Kikannada *shikshe*, kwa maana ya adhabu. Ikumbukwe kwamba Kikannada, Kitelugu, Kimalayalam na Kitamil si watoto wa Kisanskriti. Ni lugha za ukoo wa Kidravidi ambazo ziliazima maneno ya Kisanskriti kwa maelfu, kama Kiswahili chetu kilivyo lugha ya Kibantu iliyoazima Kiarabu. Kihindi, Kimarathi na Kibengali ndizo za ukoo wa Kisanskriti. Kwa hiyo mpaka wa maana hizi mbili haukufuata mpaka wa koo. Kimarathi kimekwenda na majirani zake wa kusini, kikaachana na ndugu zake wa kaskazini.

Sasa niingie katika kile kilichonivutia zaidi, nacho ni asili ya neno lenyewe. Kisanskriti kina mzizi *shak*, kuweza. Wanasarufi wake wana utaratibu wa kuugeuza mzizi ili uonyeshe hamu: *pa* ni kunywa, na *pipasa* ni hamu ya kunywa. *Bhuj* ni kula, na *bubhuksha* ni hamu ya kula. *Jna* ni kujua, na *jijnasa* ni hamu ya kujua. Kwa utaratibu huohuo, kutoka *shak*, kuweza, tunapata *shiksha*: hamu ya kuweza. Maneno hayo yaliposuguliwa na vinywa vya watu kwa karne nyingi, pipasa ikawa *pyas*, neno la kawaida la Kihindi la kiu. Bubhuksha ikawa *bhukh*, njaa. Na kitenzi cha shiksha kikawa *sikhna*, kujifunza. Nilipouona ukweli huu nilikaa nao kwa muda mrefu, kwamba kiu, njaa na kujifunza, katika Kihindi cha sokoni, ni maneno yaliyozaliwa kwa namna moja, na yote matatu yalianza kama majina ya hamu.

Katika maandiko ya zamani sana, shiksha lilikuwa pia jina la fani maalumu. Ni mojawapo ya taaluma sita saidizi za Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, na kazi yake ilikuwa kufundisha matamshi sahihi. Taittiriya Upanishad, mojawapo ya maandiko hayo, inaanza na sura inayoitwa Shiksha Valli, na humo yanatajwa mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuyashika: sauti, kiimbo, urefu wa irabu, nguvu ya kutamka, ulinganifu na muungano wa sauti. Mwanafunzi aliketi mbele ya mwalimu akarudia, akasahihishwa, akarudia tena. Nadhani hapo ndipo adhabu ilipoanza kunyemelea, lakini ningependa kusikia maoni yenu.

2. Binti wa Pangani

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante sana kwa mada hii. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na niliposoma habari ya mtoto yule nilijiuliza: kwani sisi tunatofautiana naye kwa lipi?

Chukua neno adabu. Limetoka katika Kiarabu, ambako *adab* ni malezi mema, na ndilo pia jina la fasihi. Kwetu, mtoto mwenye adabu ni mtoto aliyelelewa akaleleka. Lakini mzazi akisema "leo nitamtia adabu," hakuna msikilizaji anayedhani kwamba mtoto atasomewa mashairi. "Atashikishwa adabu" ni habari ya fimbo. Waarabu wenyewe wana *taadib* kutoka mzizi huohuo, na maana zake ni kulea na kuadhibu kwa pamoja. Nawaomba wasomaji wasichanganye hapo na neno adhabu, ambalo linafanana nalo kwa sauti lakini mzizi wake ni mwingine kabisa. Wanafunzi wangu hulikosea hilo kila mwaka, na siwalaumu, kwa sababu matumizi ya mtaani yameyasogeza maneno hayo mawili karibu sana.

Tena hatuhitaji kwenda Uarabuni. Tazama kitenzi chetu cha Kibantu, kufunza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Funza la kwanza ni malezi, funza la pili ni kipigo, na methali nzima inasimama juu ya ukweli kwamba ni kitenzi kilekile. Ukimfasiria methali hii Mmarathi kwa maneno yake ya mzizi wa shiksha, naamini ataielewa kuliko Mhindi wa Delhi.

Swali langu: je, Wahindi wa kaskazini hawana kabisa harufu ya adhabu katika shiksha yao?

3. Mwana wa Bandarini

Naomba nichangie kama mtu wa Mombasa ambaye nyumbani kwetu huzungumzwa Kigujarati. Babu zetu walitoka Kathiawar, sehemu ya Gujarat, na jamii yetu ya Wagujarati na Wakutchi ni sehemu kubwa ya Wahindi wa pwani hii na bara yake.

Katika Kigujarati cha nyumbani kwetu, shiksha ni adhabu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na sentensi moja aliyoitumia tulipoingia jikoni na miguu yenye mchanga wa ufukweni: *shiksha thashe*, yaani adhabu itapatikana. Alikuwa akiisema taratibu, bila kugeuka, huku kiganja chake kikiendelea kuzungusha donge la unga wa rotli kabla ya kulisukuma, na sisi tulikuwa tumeshafika mlango wa nyuma kabla hajamaliza neno la pili. Shuleni, hata hivyo, tuliwasikia wakubwa wakizungumza habari ya *shikshan*, elimu. Na katika Kigujarati cha vitabuni na cha mimbari, shiksha hubaki na maana ya mafundisho pia, hasa mafundisho ya dini. Kwa hiyo kwa upande wetu neno hili halijahama moja kwa moja. Lina miguu miwili, mmoja kaskazini na mmoja kusini, na jimbo lenyewe la Gujarat liko hapohapo katikati, juu ya Maharashtra na kando ya Rajasthan.

Kuhusu swali la Mwalimu, Wabengali wana usemi *uchit shikkha deoa*, kumpa mtu shikkha inayomstahili, na maana yake ni kumkomesha. Kihindi nacho husema *sabak sikhana*, kumfunza mtu somo, kwa maana hiyohiyo ya kumwonyesha cha mtema kuni. Harufu ipo, isipokuwa haijashinda.

4. Msomi wa Kale

Nimewasoma kwa makini, lakini sikubaliani na mwelekeo wa mjadala. Kisanskriti kina maana yake. Kama asili ya neno ni hamu ya kuweza, basi Kihindi na Kibengali ndizo zilizolitunza, na Kimarathi, Kigujarati na lugha za kusini zimelipotosha. Hatuwezi kuziita maana mbili zinazopingana kuwa sahihi zote kwa pamoja. Neno likiazimwa, mwazimaji ana wajibu wa kulirudisha likiwa zima.

5. Msafiri wa Deccan (mwanzisha uzi)

Ndugu Msomi wa Kale, nakushukuru kwa kulisema wazi, kwa sababu hata mimi niliamini hivyo kwa miezi kadhaa. Nilibadili mawazo kwa sababu tatu.

Kwanza, kama kipimo ni asili, basi hata Kihindi hakikuitunza. Hakuna mtu wa Delhi anayesema shiksha akimaanisha hamu ya kuweza. Wizara ya Elimu ya India haiitwi Wizara ya Hamu. Neno lilikwisha kusafiri ndani ya Kisanskriti chenyewe, kutoka hamu hadi kujifunza, kutoka kujifunza hadi kufundisha, na kutoka kufundisha hadi kurekebisha. Kamusi za Kisanskriti huorodhesha adhabu miongoni mwa maana zake. Mmarathi hakuibuni. Aliikuta mwishoni mwa orodha, akaipandisha juu.

Pili, hatua ya katikati inaonekana kwa macho katika Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, ambako neno letu huandikwa *sikkha*. Mafunzo ya Mbudha ni sikkha tatu: maadili, utulivu wa moyo na hekima. Lakini kila kanuni ya mwenendo inaitwa *sikkhapada*. Mbudha wa kawaida anapozikariri zile kanuni tano, kutoua, kutoiba na zinazofuata, kila moja anaimalizia kwa kusema kwamba anaipokea kama sikkhapada. Watawa wana sikkhapada nyingi zaidi, na kuzivunja kuna matokeo, kuanzia kuungama mbele ya mwenzako hadi kufukuzwa kabisa katika utawa. Hapo elimu na nidhamu ni kitu kimoja, na nidhamu ndiyo daraja la kuingilia adhabu.

Tatu, na hii ndiyo iliyonishawishi kuliko zote, neno haliishi peke yake nyumbani. Lina majirani, na kila jirani ana kiti chake. Kiangalie Kihindi. Kiti cha adhabu kimekaliwa na *dand*, neno la Kisanskriti lenye maana ya fimbo, na pia na *saza* kutoka Kiajemi. Kiti cha faini kina *jurmana*. Shiksha haina sababu ya kuondoka kwenye kiti cha elimu. Sasa kiangalie Kimarathi. Dand ya Kimarathi imepungua ikawa faini tu, ile unayotozwa ukipanda treni bila tiketi. Kiti cha adhabu kwa jumla kikabaki wazi. Wakati huohuo elimu ilikuwa tayari imepata umbo jingine la neno lilelile, shikshan. Hivyo shiksha ikasogea kwenda palipo na nafasi. Kikannada kimepangwa vivyo hivyo: *danda* ni faini, *shikshe* ni adhabu, *shikshana* ni elimu. Huu ni mtazamo wangu kuhusu sababu, lakini mpangilio wenyewe wa viti unaweza kuuthibitisha kwa kumuuliza mzungumzaji yeyote.

Wabengali nao kiti chao cha adhabu kinakaliwa na *shasti*. Na hapa Ndugu Msomi naomba utulie kidogo, maana shasti inatoka katika mzizi mwingine, *shas*, ambao tangu Kisanskriti cha kale una maana za kufundisha, kutawala na kuadhibu, zote tatu. Mzizi huo umezaa *shastra*, elimu iliyoandikwa. Umezaa *shishya*, mwanafunzi. Umezaa *anushasan*, nidhamu. Umezaa *shasan*, utawala, ambalo Mbengali hulitumia hata kwa mzazi anayemkaripia mtoto. Lugha iliyokuwa na mzizi kama huo haikuhitaji kupotoshwa na Wamarathi ili elimu na fimbo zikutane.

Na tusisahau kwamba sisi wenyewe tumeshiriki. Kisanskriti kina *vyapara*, shughuli. Katika Kigujarati shughuli hiyo ikawa biashara, na mwenye kuifanya akaitwa *vepari*. Neno likavuka bahari kwa majahazi, na pwani yetu ikalipokea kama bepari, mfanyabiashara. Ndivyo kamusi za zamani za Kiswahili zinavyolieleza. Kisha likaja Azimio la Arusha la 1967, na bepari akawa mtu wa mfumo mzima wa uchumi, adui wa mjamaa. Mwambie Mgujarati wa leo kwamba katika Kiswahili neno la baba yake muuza nguo limekuwa neno la kisiasa, naye atashangaa kama nilivyoshangazwa na mtoto yule. Je, tumelipotosha? Mimi nasema tumelitumia.

6. Wakili Mstaafu

Nimefurahi kuona mjadala umefika kwenye kiti cha adhabu, kwani hapo ndipo nilipofanyia kazi maisha yangu yote.

Kanuni ya Adhabu ya India ilitungwa mwaka 1860, na wengi hawajui kwamba ilitumika hata huku kwetu, Kenya na Tanganyika, chini ya utawala wa Waingereza mpaka 1930, ndipo nchi hizi zilipopewa kanuni zao. Sheria hiyo moja ilikuwa na majina mbalimbali katika lugha za India. Kwa Kihindi iliitwa Bharatiya Dand Sanhita, Kanuni ya Fimbo kwa tafsiri ya neno kwa neno. Kwa Kitelugu iliitwa Bharatiya Shiksha Smriti, na kwa Kimalayalam Shiksha Niyamam. Kwa hiyo mtu wa Delhi akikutana na jina hilo la Kitelugu bila kuelezwa, anaweza kudhani ameshika sheria ya elimu, kumbe ni kitabu cha wizi na mauaji. Tangu Julai 1, 2024 India imeiweka kando sheria ile na kuleta nyingine ambayo jina lake limejengwa juu ya neno *nyaya*, haki, na hivyo dand imeondoka kwenye jalada.

Sisi Tanzania tunaiita yetu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Mwalimu wa Pangani ametukumbusha kuwa adhabu na adabu ni mizizi miwili. Naweza kushuhudia kwamba mahakamani nimewahi kumsikia mzee mmoja, baba wa mshtakiwa, akiomba mwanawe "apewe adabu, asipewe adhabu," na kila mtu ndani ya chumba kile alielewa tofauti aliyoikusudia. Alitaka mwanawe arekebishwe. Hakutaka aharibiwe.

7. Mkazi wa Muscat

Assalaam alaykum. Hapa Muscat ninafanya kazi ghala moja na watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India wanakosema Kimalayalam, nao ni wengi sana katika nchi hizi za Ghuba. Nilipousoma uzi huu nilimfuata mwenzangu mmoja saa ya chakula nikamuuliza: shiksha ni nini? Alijibu papo hapo: adhabu. Akanipa mfano wa magazeti ya kwao, *vadhashiksha*, adhabu ya kifo. Elimu wao huiita *vidyabhyasam*, na hilo nalo ni la Kisanskriti, likiwa na maana ya mazoezi ya maarifa.

Kisha akanishangaza na jambo la pili. Aliniambia nisidhani shiksha ndiyo peke yake. Neno *samsara*, ambalo katika dini za India ni mzunguko wa kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena, kwa Kihindi ni dunia. Kwa Kimarathi na Kibengali ni nyumba na familia, maisha ya watu waliooana na masufuria yao na watoto wao. Kwa Kitamil linaweza kuwa mke. Kwa Kimalayalam ni mazungumzo tu. Yeye na mimi tuliokuwa tumeketi juu ya makreti tukila wali, alisema, tulikuwa katika samsaram. Aliongeza neno *raga*, ambalo asili yake ni rangi na mhemko: mpiga ala wa kaskazini analijua kama mtindo wa tuni, na Mmarathi na Mbengali wanalijua kama hasira. Nikakumbuka namna sisi tunavyosema mtu amewiva uso.

8. Mama Mchungaji

Ndugu zangu, kuna sehemu moja ambapo Kitamil na Kiswahili zimekutana mahali pamoja, na sijaona mtu aliyeitaja.

Ndugu mwanzisha uzi amesema Watamil waliliacha neno la Kisanskriti wakatumia kalvi. Kwa elimu ndivyo ilivyo. Lakini neno letu wanalo katika umbo la *sitchai*, na linapatikana katika Biblia yao, Waebrania sura ya 12, pale panaposemwa kwamba mwana asidharau sitchai ya Bwana. Fungueni Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version mahali hapohapo: "usiyadharau marudia ya Bwana," na baadaye, yule ambaye Bwana ampenda "humrudi." Kwa vijana waliozoea rudi ya kurejea tu, kumrudi mtoto ni kumwonya na kumwadhibu ili arejee katika njia. Na neno la Kigiriki lililo nyuma ya tafsiri zote mbili ni *paideia*, ambalo Wagiriki walilitumia kwa malezi na elimu ya mtoto, na waandishi wa Agano Jipya wakalitumia kwa kiboko cha Mungu.

Mtafsiri wa Kitamil alihitaji neno lenye elimu na maumivu ndani yake, akalikuta sitchai. Mtafsiri wa Kiswahili aliingia katika hitaji lilelile akalikuta marudia. Nimehubiri juu ya sura hiyo mara nyingi, na daima hujiona nimepungukiwa ninaposema adhabu peke yake, maana msikilizaji husikia hasira. Nikisema mafunzo peke yake, hausikiki uchungu.

9. Msomi wa Kale

Nimerudi. Habari ya viti imenigusa, na ya mzizi shas sikuwa naijua. Naondoa neno kupotosha. Lakini niruhusuni swali moja: nje ya India, waliolichukua neno hili walilipeleka upande gani?

10. Msafiri wa Deccan (mwanzisha uzi)

Walikwenda pande zote mbili, Ndugu yangu, tena kwa umbali mkubwa kuliko Wahindi wenyewe. Kithai kinalo kama *sueksa*, elimu, na ndilo neno la wizara yao ya elimu. Kiindonesia kinalo kama *siksa*, na huko limepita adhabu likawa mateso. Ni neno wanalolitumia kwa mateso ya kaburini na ya motoni. Ukipanda ndege ya saa chache kutoka Bangkok hadi Jakarta, neno limetoka darasani limefika jehanamu.

Mama Mchungaji, nakushukuru kwa namna ya pekee. Mfano wako wa sitchai na marudia nimeunakili kwenye daftari langu.

Wapo walioniandikia faraghani wakiuliza nilimjibu nini yule mtoto. Nilimwambia kupitia bibi yake kwamba sijafanya kosa, nimekuja kwa ajili ya shikshan. Aliridhika akarudi kwenye daftari lake. Lakini bibi hakuridhika. Aliniuliza kwetu shiksha ya mtoto, kwa maana yake yeye, tunaiitaje. Nikamwambia tunalo neno adhabu, ila mzazi wa kwetu mara nyingi zaidi atasema anamtia mtoto adabu.

Aliweka kikombe chini. "*Adab?*" akasema. "Hilo tunalo." Na kweli Kimarathi kinalo, kimelipata kupitia Kiajemi, na maana yake ni heshima: namna ya kusimama mbele ya wakubwa, namna ya kupunguza sauti mbele ya mgeni. Akanieleza hayo yote kwa mikono, akiinamisha kichwa kuonyesha. Kisha akaniuliza, kwa dhati kabisa, sisi watu wa pwani neno la heshima kama lile tulilipaje fimbo.